Neno halijafika mpaka lirudi: somo kutoka kwa wanaoongoza ndege



Wengi wetu huku mashariki tunaijua ndege kwa sababu ya lazima, si kwa starehe. Barabara ikikatika kwa mvua au kwa vita, mtu wa Bunia, wa Kindu au wa Kisangani anabaki na njia moja tu, nayo ni ya angani. Wagonjwa wetu wamebebwa na ndege ndogo za MAF. Dawa na Biblia zimetufikia kwa ndege. Na kila mara magurudumu yanapoacha ardhi, waamini wanafumba macho na kuomba.

Kuomba ni vema. Lakini ni vema pia kujua ni kwa njia gani watu wanalindwa kule juu. Jibu litawashangaza wengine: kwa sehemu kubwa wanalindwa kwa maneno. Ndege mbili kubwa zinazoelekeana hukaribiana kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa saa. Rubani akiiona nyingine kwa macho, mara nyingi amebakiwa na sekunde chache tu, na usiku anaona taa peke yake. Kinachozitenganisha ni sauti ya mtu aliye chini na sikio la mtu aliye juu. Neno likieleweka vibaya kati yao, watu wanakufa.

Tunaandika habari hii kwa sababu nasi katika makanisa yetu tunaishi kwa maneno. Tunatangaza, tunatafsiri, tunatumiana ujumbe kwenye simu, tunapeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji katika nyakati za hatari. Wale wanaoongoza ndege wamejifunza kwa machozi mengi jinsi neno linavyopotea njiani. Tungefanya vibaya kama tungekataa kujifunza kwao.

Jinsi anga lilivyopangwa

Anga si uwanja mtupu ambamo kila mmoja anapita anapotaka. Limepangwa kwa ngazi, kama nyumba ya ghorofa. Kati ya ngazi moja na nyingine, kwa kawaida, kuna futi 1,000, yaani kama mita 300. Katika sehemu nyingi za dunia, ndege inayoelekea mashariki hupewa ngazi ya elfu zisizogawanyika kwa mbili, kama futi 35,000. Inayoelekea magharibi hupewa elfu zinazogawanyika, kama futi 36,000. Hivyo zile zinazokutana uso kwa uso hupishana moja ikiwa juu na nyingine chini.

Anayesimamia mpango huo ni mwongoza-ndege. Anakaa mnarani au katika chumba chenye vioo vya rada, naye anasema na marubani kwa redio. Wote walio katika eneo lake wanatumia wimbi moja. Faida yake ni kwamba kila rubani anasikia wenzake wanaambiwa nini. Hasara yake ni kwamba watu wawili wakisema kwa wakati mmoja, maneno yao yanazibana, na wengine wanasikia mlio tu.

Kwa sababu hiyo wameweka desturi yenye hatua tatu. Kwanza, mwongoza-ndege anatoa agizo. Pili, rubani analirudia kama alivyolisikia: jina la ndege yake, kimo, upande. Tatu, mwongoza-ndege anasikiliza marudio hayo na kuyalinganisha na alichosema. Kama kuna kosa, analisahihisha papo hapo. Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi, kwa kuwa mtu akishasema anadhani kazi yake imekwisha. Kwa watu wa anga, neno halijafika mpaka lirudi kwa aliyelituma, naye alitambue kuwa ni lile lile.

Hata matamshi yamewekewa kanuni. Herufi A inaitwa Alfa, B inaitwa Bravo, C inaitwa Charlie, ili zisichanganywe katika kelele. Namba tisa ya Kiingereza inatamkwa "naina", isije ikasikika kama tano. Mambo hayo yanaweza kuonekana kama ya watoto, lakini kila kanuni ina sababu yake.

Neno moja dogo

Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa ikitoka Singapore na kukaribia Kuala Lumpur, Malaysia. Ndani yake walikuwamo watu wanne. Mwongoza-ndege alitaka washuke hadi futi 2,400. Aliitaja namba hiyo tarakimu moja moja: shuka mbili, nne, sifuri, sifuri.

Sasa, katika Kiingereza namba mbili na neno lenye maana ya "hadi" hutamkwa karibu sawasawa: "tu". Mwongoza-ndege alisema "mbili nne sifuri sifuri". Marubani walisikia "hadi nne sifuri sifuri". Wao walielewa futi 400, yaani kama mita 120 tu juu ya usawa wa bahari. Walijibu kwamba wamepata, na wakarudia: nne sifuri sifuri. Mlango wa kuokoka ulikuwa wazi hapo, maana kosa lilikuwa limesemwa kwa sauti mbele ya yule aliyeweza kulisahihisha. Hakuligundua. Ndege ilishuka katika eneo la vilima, ikagonga mlima, na wote wanne wakafa.

Katika habari hii hakuna mlevi wala mwovu. Mmoja alisema kwa namna ya mkato, wengine walisikia walichodhani, na marudio yakapita bila kusikilizwa. Ndiyo maana katika kazi hiyo inasisitizwa kwamba agizo la kushuka litaje wazi kuwa namba inayofuata ni ya kimo, ili neno dogo lisimeze namba.

Aliyeuliza akanyamazishwa

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege haikutokea juu hata kidogo. Ilitokea chini, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikageuzwa kwenda Tenerife. Uwanja ulijaa, hata ndege zikalazimika kutembea juu ya ile barabara yenyewe ya kurukia. Kisha ukungu ukashuka. Mnara haukuziona ndege, na ndege hazikuonana.

Ndege ya KLM ya Uholanzi ilikuwa imefika mwisho wa barabara, tayari kuruka. Ile ya Pan Am ya Marekani ilikuwa bado inatembea juu ya barabara hiyo hiyo. Mwongoza-ndege aliwapa KLM maelezo ya njia watakayofuata baada ya kuruka, lakini hakuwa amewapa ruhusa ya kuruka. Neno la kuruka lilikuwamo ndani ya maelezo yale, na kapteni akaanza safari. Rubani msaidizi akasema kwenye redio maneno yanayoweza kueleweka kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mnara ukaelewa kwamba wako tayari na wanangoja. Ukajibu "oke", kisha ukawaambia wangoje mpaka waitwe. Wakati huo huo Pan Am wakasema kwamba wao bado wako barabarani. Sauti hizo mbili zikazibana. Ndani ya KLM lilisikika neno la kwanza, "oke", na kilichofuata kikawa mlio.

Ilibaki nafasi moja ya mwisho. Mnara na Pan Am waliposemezana tena, fundi aliyekuwa ndani ya chumba cha marubani wa KLM alisikia kitu kilichomtia shaka. Akauliza kama ile ndege ya Pan Am haijatoka barabarani. Kapteni alikuwa mtu mkubwa katika kampuni yake, mwalimu wa marubani wengine. Akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana, na watu 583 wakafa.

Baada ya ajali ile mambo mawili yalibadilika. La kwanza, neno la kuruka sasa halisemwi na mnara isipokuwa pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na "oke" peke yake haihesabiwi kuwa jibu. La pili linagusa moyo zaidi: makapteni walianza kufundishwa kupokea swali la mdogo wao, na wadogo wakafundishwa kwamba heshima haiwakatazi kusema mara ya pili.

Sauti mbili katika usiku mmoja

Habari ya tatu ni ya angani kabisa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, ndege mbili zilikuwa kwenye ngazi moja, futi 36,000. Moja ilikuwa Tupolev ya Bashkirian Airlines iliyotoka Moscow kwenda Barcelona. Ilibeba watu 69, wengi wao wakiwa watoto wa shule wa mji wa Ufa waliokuwa wakienda likizoni. Nyingine ilikuwa Boeing ya mizigo ya DHL, ikitoka Bergamo, Italia, kwenda Brussels, yenye marubani wawili.

Eneo hilo liliongozwa kutoka Zürich, Uswisi, na kampuni ya Skyguide. Usiku ule mwongoza-ndege mmoja peke yake alikuwa akihudumia meza mbili, kwa kuwa mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, kama ilivyokuwa desturi iliyovumiliwa hapo. Mafundi walikuwa wakitengeneza mitambo, na onyo la rada ambalo lingemwonyesha hatari mapema halikuwa likifanya kazi kama kawaida. Simu kubwa ilikuwa imekatwa kwa ajili ya matengenezo hayo, na ile ya akiba ilikuwa na hitilafu. Waongoza-ndege wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari kwenye rada yao wakapiga simu Zürich mara kadhaa. Hawakumpata.

Alipotambua kwamba ndege hizo zinakutana, zilibaki sekunde zisizofika 50. Akaiambia Tupolev ishuke haraka. Hapo ndipo sauti ya pili ilipoingia. Ndege kubwa zina chombo kinachoitwa TCAS. Kazi yake ni kuhisi ndege nyingine iliyo karibu, na vyombo vya ndege zote mbili vinapatana vyenyewe: kimoja kinaamuru kupanda, kingine kinaamuru kushuka. Usiku ule vilifanya kazi vizuri. Chombo cha Boeing kiliamuru kushuka, na marubani wake wakashuka. Chombo cha Tupolev kiliamuru kupanda, wakati mtu wa chini alikuwa ametoka kuwaambia washuke.

Katika chumba cha Tupolev, rubani msaidizi aliwaambia wenzake kwamba chombo kinasema kupanda. Akajibiwa kwamba mwongozaji anawashusha. Tena hawakulirudia agizo la kwanza la mtu wa chini, naye kwa kutosikia jibu akalisema mara ya pili, kwa mkazo zaidi. Sasa wakajibu. Akaamini jambo limekwisha, akageukia ndege nyingine iliyokuwa ikitua Friedrichshafen. Marubani wa Boeing walitangaza kwamba wanashuka kwa amri ya chombo chao, lakini hakuwasikia. Ndege zote mbili zikashuka pamoja mpaka zikagongana. Watu 71 walikufa.

Tuangalie vizuri ugumu uliowapata watu wale wa Tupolev. Walisikia sauti mbili, na zote mbili zilikuwa na mamlaka. Vitabu walivyofundishwa viliipa sauti ya mwongoza-ndege uzito mkubwa na kuuhesabu mtambo kuwa msaada tu. Marubani wa Boeing walikuwa wamefundishwa kuutii mtambo. Kila upande ulitii ulivyofundishwa.

Dunia ilikuwa imeonywa. Tarehe 31 Januari 2001, huko Japani, ndege mbili za Japan Airlines zilinusurika kugongana kwa namna hiyo hiyo. Mwongozaji aliyekuwa katika mafunzo alichanganya majina ya ndege, na kapteni mmoja akaifuata sauti yake wakati chombo kilisema kinyume. Ndege zilipishana kwa nafasi ndogo sana, watu wapatao 100 wakaumia, hakuna aliyekufa. Lakini ni baada ya Überlingen kanuni za kimataifa zilipofanywa wazi pasipo mashaka: chombo kikitoa amri na mtu wa chini akisema kinyume, rubani afuate chombo, kisha amwambie mtu wa chini kwamba anafanya hivyo. Jibu la swali "tutii sauti ipi?" likatolewa mapema, chini, mchana, watu wakiwa na akili tulivu.

Kosa la nani?

Habari hiyo ina mwisho wa kuhuzunisha. Mwezi Februari 2004, baba mmoja aliyepoteza mke na watoto wake wawili katika ajali ile alimtafuta yule mwongoza-ndege mpaka nyumbani kwake karibu na Zürich, akamwua kwa kisu. Marehemu naye aliacha mke na watoto. Mwaka 2007 mahakama ya Uswisi iliwaona na hatia watumishi wanne wa kampuni ile, watatu kati yao wakiwa viongozi. Sababu ni kwamba utaratibu mzima ulikuwa umeachwa ulegee: mtu mmoja kwenye meza mbili, simu zisizofanya kazi, onyo lisilofanya kazi.

Hatuwezi kumhukumu kwa wepesi baba aliyezika watoto wake. Kuna wengi huku kwetu wanaojua uchungu huo. Lakini tunaona jambo moja: maumivu yanatafuta uso mmoja wa kubeba lawama, wakati kosa limegawanyika katika mikono mingi. Kisasi kiliongeza kaburi, na hakikutengeneza hata simu moja. Uchunguzi wa kweli, uliouliza "ilikuwaje?" kabla ya kuuliza "ni nani?", ndio uliozaa kanuni zinazowalinda wasafiri wa leo.

Madhabahu iliyotaka kuleta vita

Katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 22, tunasoma habari inayofanana sana na hizi. Watu wa Rubeni, wa Gadi na nusu ya Manase walirudi kwao mashariki ya Yordani. Njiani walijenga madhabahu kubwa kando ya mto. Hawakumwambia mtu sababu yake. Habari ikawafikia ndugu zao wa magharibi, nao wakaelewa kwamba hawa wamemwacha Mungu. Wakakusanyika Shilo tayari kwa vita.

Lakini kabla ya kwenda vitani walifanya jambo moja. Walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani, pamoja na wakuu kumi, wakaulize. Finehasi hakuwa mtu wa kusitasita. Tunamkumbuka kwa mkuki wake katika kitabu cha Hesabu. Hata hivyo siku ile alisema alichosikia, kisha akasikiliza jibu. Wale wa mashariki wakaeleza kwamba madhabahu haikuwa ya sadaka bali ya ushuhuda. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa ng'ambo ya pili wangewaambia watoto wao kwamba hawana sehemu katika Bwana. Finehasi akaridhika, akarudi na jibu, na vita ikaisha kabla ya kuanza.

Pande zote mbili zilikuwa na somo la kujifunza. Wa mashariki walifanya jambo kubwa bila kutangaza maana yake. Wa magharibi walijaza wenyewe maana iliyokosekana. Kilichookoa maisha ni safari moja ya kwenda kuuliza, "Hivi ndivyo tulivyosikia, ndivyo mlivyokusudia?" Ndiyo hatua ya pili na ya tatu za watu wa anga.

Na sisi katika parokia zetu?

Tuseme ukweli wetu wenyewe. Usiku mmoja wa milio ya risasi, sisi tulituma neno kwa viongozi wa kwaya kwamba watu waelekee shule iliyo upande wa chini. Mzee mmoja wa kanisa, kwa nia njema, akatuma ujumbe kwamba wote wakusanyike kanisani. Familia moja iligawanyika gizani: bibi na watoto wakaenda kanisani, baba na mama wakaenda shuleni. Mpaka asubuhi hawakujua kama wenzao wako hai. Tunamshukuru Mungu, wote walionana. Lakini yule mama alituuliza, "Mchungaji, sauti zilikuwa mbili. Tungetii ipi?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa hatujawahi kupatana.

Tangu siku hiyo tumejaribu kushika mambo manne, nasi tunayaweka mbele ya parokia nyingine zipate kuyapima.

La kwanza, tupatane wakati wa amani ni sauti ipi itakayofuatwa wakati wa hatari. Achaguliwe mtu mmoja wa kutoa neno, na mwingine wa kushika nafasi yake akikosekana. Kila nyumba ijue majina hayo. Kiongozi mwingine akiwa na habari tofauti, ampelekee huyo, asiitangaze mwenyewe.

La pili, ujumbe mzito urudiwe. Ukimtuma kijana kupeleka habari ya mkutano, ya mazishi au ya hatari, mwambie akuambie alichosikia kabla hajaondoka: mahali, siku, saa. Hiyo si kumdharau. Marubani wenye miaka 30 kazini wanafanya hivyo kila siku. Vivyo hivyo kwa wakalimani wetu wanaotoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda lugha za nyumbani. Mhubiri asimkimbize mkalimani, na mkalimani asione haya kusema, "Baba, rudia." Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba tarumbeta yenye sauti isiyoeleweka haiwezi kumwandaa mtu kwa vita.

La tatu, sisi wachungaji tujifunze kuulizwa. Katika desturi zetu ni vigumu kwa shemasi kumwambia mchungaji, "Baba, nadhani si hivyo." Anasema mara moja kwa sauti ya chini, tukimkata, ananyamaza. Yule fundi wa Tenerife aliuliza mara moja. Ni nani anayejua kama katika mikutano yetu hakuna mwenye shaka ya kweli ambaye amekwisha kunyamaza? Tukiulizwa, tusijibu kwa cheo, tuangalie kwanza.

La nne, tutangaze mahali tulipo bila kungoja kuulizwa. Katika sehemu za anga la Afrika ambako mawasiliano na walio chini ni dhaifu, na anga letu la Kongo limehesabiwa humo, marubani wana desturi ya kusema wenyewe kwa wenyewe kwenye wimbi moja, 126.9: mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu ni hiki, ninaelekea kule. Hawangoji mnara uwaulize. Kanisa linaloanza mradi, linalopokea msaada, linalohamisha mtumishi, lifanye hivyo pia. Uvumi mwingi unaotugawanya unazaliwa mahali ambapo watu waliona madhabahu inajengwa na hakuna aliyewaeleza ni ya nini.

Na ujumbe wa kwenye simu usiojulikana umetoka kwa nani, unaosema kabila fulani linapanga hili, au kijiji fulani kimefanya lile? Kabla ya kuupeleka mbele, tuwe kama Finehasi. Tuvuke mto, tuulize. Katika eneo letu, ujumbe mmoja usioulizwa unaweza kuwatoa watu na mapanga kabla jua halijachwa. Kuuliza si ujinga, wala si woga.

Mara nyingine mtakaposikia ndege ikipita juu ya kijiji, kumbukeni kwamba mle ndani kuna mtu anayerudia maneno ya mwenzake, na chini kuna mwingine anayasikiliza yakirudi. Waombeeni wote wawili. Kisha, Jumapili hii baada ya ibada, wazee wakae na mashemasi na akina mama viongozi, na waulizane swali lile la mama yetu: zikija sauti mbili usiku, watu wetu watatii ipi? Jibu likipatikana, kila mmoja alirudie kwa kinywa chake kabla ya kwenda nyumbani.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi.